Gatien, bingwa wa dunia ambaye Ulaya haikumvisha taji

Chukua orodha ya mabingwa wa Ulaya wa mpira wa meza, wanaume, mmoja mmoja, kuanzia 1988 hadi 2000. Utakuta Mikael Appelgren mara mbili, kisha Jörg Rosskopf, Jean-Michel Saive, Jan-Ove Waldner, Vladimir Samsonov na Peter Karlsson. Jean-Philippe Gatien hayumo. Sasa chukua orodha ya mabingwa wa dunia. Mwaka 1993 yumo, na aliyefungwa naye kwenye fainali ni Saive, yule yule aliyetawazwa bingwa wa Ulaya mwaka uliofuata.

Inakuwaje mtu aishinde dunia nzima, halafu bara lake limshinde? Swali hili huwasumbua hata wanaoufuatilia mchezo huu kwa karibu. Majibu mepesi yapo. Wengine husema alibahatisha, wengine husema Wachina walikuwa wamelala. Yote mawili yana chembe ya ukweli, lakini hayatoshi. Ili kumwelewa Gatien inabidi kwanza kuelewa alichezaje, alitumia nini mkononi, na alizaliwa lini. La mwisho hilo lina uzito kuliko watu wanavyodhani.

Alizaliwa Oktoba 1968 mjini Alès, kusini mwa Ufaransa, mbali na Paris na mbali na miji inayotoa mastaa. Wafaransa walimzoea kwa jina la Philou. Alikuja kuichezea klabu ya Levallois, pembezoni mwa Paris, ambayo enzi hizo ilikuwa miongoni mwa klabu zinazoogopwa Ulaya nzima, na nyumbani alitwaa ubingwa wa taifa zaidi ya mara kumi.

Wakati anakua, jina kubwa la mchezo huu nchini kwake lilikuwa Jacques Secrétin, mzaliwa wa Carvin kaskazini mwa nchi, mtu wa mkono wa kushoto kama yeye. Secrétin alikuwa bingwa wa Ulaya mwaka 1976, na mwaka 1977 mjini Birmingham alitwaa ubingwa wa dunia kwa wawili mchanganyiko, akiwa na Claude Bergeret. Alikuwa fundi wa kurudi nyuma na kuinua mipira juu hadi adui achoke au akosee, na baadaye aligeuza ufundi huo kuwa maonyesho ya kuchekesha jukwaani pamoja na Vincent Purkart. Mfaransa wa kawaida alipofikiria mpira wa meza, alimfikiria Secrétin akiwa mita kadhaa nyuma ya meza, anakimbia huku na huku, watu wanashangilia.

Gatien alikuwa kinyume chake. Yeye hakutaka mpira urushwe mara kumi na tano. Alitaka uishe kwenye mpigo wa tatu.

Tuliangalie hilo kwa karibu, maana ndilo kiini cha habari yote. Wachezaji wawili wa mkono wa kulia wakipigiana kwa mshazari, mkono wa nguvu wa huyu hukutana na mkono wa nguvu wa yule. Mkono wa kushoto huharibu mpangilio huo. Gatien husimama kwenye pembe yake ya kulia, anaanzisha mpira wenye msokoto wa ubavuni, nao unakwenda kuangukia kwenye pembe ya mbali ya mpinzani na kuchepukia nje ya meza. Mpinzani anaufuata. Anaufikia, lakini mwili wake umeshatoka, na nusu nzima ya meza, upande wake dhaifu, iko wazi. Anaurudisha juu kidogo kuliko alivyotaka. Gatien ameshageuza miguu, na mpira ungali unapanda baada ya kudunda anaupiga kwa upande wa kiganja cha mkono. Pointi imekwisha, na tangu aanzishe hata sekunde mbili hazijapita.

Kupiga mpira ungali unapanda ni jambo la hatari. Ukisubiri ufike kileleni kisha uanze kushuka, unapata muda wa kupima, lakini na mpinzani naye anapata muda wa kurudi mahali pake. Ukiupiga mapema unamnyima muda huo, ila na wewe mwenyewe huna muda. Jicho likichelewa kidogo tu, mpira unakwenda kwenye wavu au unapita juu ya meza. Gatien alijenga maisha yake yote ya mchezo juu ya kamari hiyo. Upande wa mgongo wa mkono hakuwa na silaha ya kutisha, na kila aliyemjua alijua hivyo. Aliziba pengo hilo kwa miguu, akikimbia kuzunguka pembe ili apige kwa upande wake wa nguvu hata mipira ambayo mwingine angeipiga kwa upande ule mwingine. Miguu hiyo ilihitaji mwili ulio katika hali nzuri kabisa. Siku ambayo miguu ilikuwa mizito, Gatien alikuwa mchezaji mzuri tu kama wengine.

Na kulikuwa na gundi.

Anayecheza mpira wa meza mtaani, kwenye meza ya shule au ya kanisa, huenda hajui kwamba raketi ya mchezaji wa kulipwa haiuzwi ikiwa kamili. Ubao hununuliwa peke yake, na raba zenye sponji chini yake hununuliwa peke yake, kisha mchezaji anabandika mwenyewe. Miaka ya 1970 wachezaji wa Ulaya, na wanaotajwa zaidi ni Dragutin Šurbek wa Yugoslavia na Tibor Klampár wa Hungaria, waligundua kwamba gundi yenye kimiminika kinachovukiza, ya aina ya kuzibia viraka vya baiskeli, inaifanya sponji ivimbe. Sponji iliyovimba huivuta raba ikakaza, na raba iliyokaza huutema mpira kwa kasi na msokoto ambao hapo kabla haukuwezekana. Lakini nguvu hiyo haidumu. Mvuke ukishatoka, sponji inalala tena. Kwa hiyo kabla ya kila mechi wachezaji walikaa kando, wakaibandua raba, wakapaka tabaka la gundi, wakasubiri likauke, wakapaka jingine, wakabandika upya na kuikata kingo. Ukumbini harufu ilifika hadi kwenye viti. Mpira ukigonga raketi iliyopakwa vizuri ulitoa mlio mkavu na mkali, na mchezaji aliusikiliza mlio ule kujua kama gundi imekubali.

Mchezo wa Gatien ulikuwa umefumwa ndani ya gundi hiyo. Wote waliitumia, sikatai. Lakini kwa mtu ambaye kazi yake ni kumaliza pointi kwa pigo la kwanza au la pili, kila chembe ya kasi ilikuwa na thamani kuliko kwa mtu anayeweza kungoja.

Sasa tuje kwenye suala la kuzaliwa lini.

Tangu miaka ya 1960 mpira wa meza umekuwa mali ya China, na Ulaya ikajipenyeza kwa nadra. Mwaka 1989 mjini Dortmund jambo lisilotarajiwa likatokea. Uswidi iliifunga China 5-0 kwenye fainali ya dunia ya timu za wanaume. Miaka miwili baadaye, kule Chiba nchini Japani, timu ya wanaume ya China ilimaliza ya saba. Wachina wenyewe hawakuwa wamezorota kwa vipaji. Tatizo lilikuwa mtindo. Wengi wao walishika raketi kwa mshiko wa kalamu na kucheza kwa kuzuia na kupiga haraka karibu na meza, na Waswidi walikuwa wamejifunza kuuvunja mtindo huo kwa msokoto mzito wa pande zote mbili za raketi. China ilihitaji miaka kadhaa kulea kizazi kipya. Kizazi hicho, cha akina Kong Linghui na Liu Guoliang, kilishika usukani mwaka 1995 mjini Tianjin.

Kati ya Dortmund na Tianjin pana miaka 6. Fainali tatu za dunia mfululizo za mchezaji mmoja mmoja, 1989, 1991 na 1993, hazikuwa na Mchina hata mmoja. Gatien alikuwa na miaka 20 dirisha hilo lilipofunguka na 26 lilipofungwa. Angezaliwa miaka mitano baadaye, miaka yake bora ingeangukia mikononi mwa Kong na Liu.

Hapa ndipo wale wa "alibahatisha" huinua mkono. Wanasahau kwamba China iliposhuka, meza haikubaki tupu. Ulaya ilijaa. Waldner wa Uswidi, ambaye wengi humhesabu mchezaji bora kuliko wote waliowahi kushika raketi, alikuwa kileleni. Jörgen Persson alikuwa bingwa wa dunia wa 1991. Appelgren alikuwepo. Rosskopf wa Ujerumani alikuwepo. Saive wa Ubelgiji, aliyekuja kushiriki Olimpiki 7 kuanzia 1988 hadi 2012, alikuwa anapanda. Na hapo ndipo fumbo letu linapoanza kufunguka. Kwa miaka hiyo michache, ubingwa wa Ulaya ulikuwa karibu mgumu sawa na wa dunia, kwa sababu wengi kati ya wale ambao ungewakuta robo fainali ya dunia, ungewakuta pia robo fainali ya Ulaya. Kumkosa Gatien kwenye orodha ya Ulaya si jambo la aibu kama linavyoonekana kwa macho ya leo.

Miaka yake mikubwa ilikuwa mitatu, 1992, 1993 na 1994. Mpira wa meza uliingia Olimpiki mwaka 1988 mjini Seoul, naye alikuwepo bila kutikisa. Barcelona 1992 alifika fainali, na ng'ambo ya meza alikuwa Waldner. Alifungwa seti tatu kwa bila, 21-10, 21-18, 25-23. Seti ya kwanza ilikuwa kipigo cha wazi. Ya tatu ilikuwa vita. Sitaki kuwadanganya kwamba ilikuwa karibu sana, kwani mtu aliyekwisha poteza seti mbili hata akiipata ya tatu bado ana mlima. Lakini iweke akilini 25-23 hiyo, tutairudia.

Mei 1993 michuano ya dunia ilifanyika Göteborg, nyumbani kwa Waswidi, ambao mwaka huo walitwaa tena ubingwa wa timu. Kwenye mchezaji mmoja mmoja kombe lilitoka nje ya nyumba. Fainali ilikuwa Gatien na Saive, wawili wanaozungumza Kifaransa, waliojuana tangu ujana, wote wapenda kushambulia kwa kiganja. Saive alikuwa mtu wa mapafu, anayeweza kukimbia jioni nzima na kurudisha mpira uliokwisha kufa. Hiyo ndiyo aina ya mpinzani anayemtesa mchezaji wa kasi, kwa sababu kila pigo unalodhani limemaliza kazi linarudi, na la pili, na la tatu, hadi unaanza kuliongezea nguvu kuliko inavyotakiwa na kukosea. Mechi ilikwenda seti zote tano. Gatien hakubadilika. Aliendelea kupiga mapema, akakubali makosa yake, akashinda. Ndiye Mfaransa wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa wanaume mmoja mmoja, na hadi michuano ya 2025 mjini Doha hakuna mwingine.

Mwaka 1994 mjini Taipei akaongeza Kombe la Dunia.

Msomaji anaweza kuuliza: bingwa wa dunia na mshindi wa Kombe la Dunia si kitu kimoja? Hapana, na mkanganyiko huu umewapoteza hata waandishi wa michezo. Michuano ya dunia ndiyo ya zamani na mikubwa, na ina mamia ya wachezaji. Wakati ule kwa mchezaji mmoja mmoja ilikuja kila baada ya miaka miwili. Kombe la Dunia lilianza 1980, lilichezwa kila mwaka, na walioalikwa walikuwa wachache, wale bora tu wa kila bara. Hakuna mechi nyepesi humo, lakini pia ni mechi chache. Cha tatu ni Olimpiki. Anayepata vyote vitatu huhesabiwa kuwa amekamilisha, na wa kwanza kwa wanaume ni Waldner, kwa dunia 1989, Kombe la Dunia 1990 na Olimpiki 1992.

Turudi sasa kwenye 25-23. Waldner hakupata tena dhahabu ya Olimpiki. Alifika fainali ya Sydney 2000 na kufungwa na Kong Linghui. Maana yake ni kwamba laiti Gatien angeigeuza fainali ya Barcelona, Waldner asingekamilisha kamwe, na mtu wa kwanza katika historia kuwa na vyote vitatu angekuwa kijana wa Alès, mwaka 1994, miaka mitano kabla ya Liu Guoliang. Mechi moja tu. Naona watu wanaomwita "bingwa wa mara moja" hawajawahi kupiga hesabu hiyo.

Lakini hesabu hiyo hiyo inajibu swali la Ulaya. Mchezo wa kamari hukupa kilele cha juu sana na hukunyima uthabiti. Mtu kama Waldner, mwenye njia kumi za kupata pointi, akiamka vibaya anacheza kwa njia ya saba. Gatien alikuwa na njia moja au mbili, kali kuliko za yeyote, na michuano ya Ulaya ilipokuja hazikuwahi kukubali kwa wiki nzima mfululizo. Mwaka 1994 mjini Birmingham Ufaransa ilitwaa ubingwa wa Ulaya wa timu, yeye akiwa nguzo. Ubingwa wa mmoja mmoja ukaenda kwa Saive. Bahati mbaya, ndiyo. Pia ni jinsi mtindo ule unavyolipa.

Baada ya hapo alibaki mzuri kwa muda mrefu, ingawa kileleni hakurudi. Mwaka 1997 mjini Manchester, Ufaransa ikiwa na Gatien, Patrick Chila, Damien Éloi na Christophe Legout ilifika fainali ya dunia ya timu na kufungwa na China. Mwaka 1998 Ulaya ya timu ikapatikana tena. Sydney 2000 alipata shaba akicheza na Chila, na hapo mkono wa kushoto ulilipa kwa njia nyingine. Kwenye mchezo wa wawili wawili mnalazimika kupiga kwa zamu, hivyo kasi yako peke yako haitoshi. Lazima upige na upishe.

Kisha sheria zikaanza kumwendea kinyume, kana kwamba mtu alikaa akaandika orodha ya nguvu zake na kuzifuta moja moja. Oktoba 2000 mpira ulitoka milimita 38 ukawa 40, na uzito ukapanda kutoka gramu 2.5 hadi 2.7. Tofauti ya milimita mbili ni ndogo kwa macho, ila mpira mkubwa hukamatwa zaidi na hewa, hupungua kasi na msokoto, na mpinzani hupata ule muda ambao Gatien aliishi kwa kumnyima. Septemba 2001 seti ya pointi 21 ikawa ya 11, na zamu ya kuanzisha ikashuka kutoka mipira 5 hadi 2. Mwaka 2002 ikakatazwa kuuficha mpira kwa mwili au mkono wakati wa kuanzisha, na hapo mpigo wa kwanza ukapoteza nusu ya siri yake. Gundi yenyewe, kwa sababu ya sumu ya mvuke wake, ilipigwa marufuku 2008. Yeye alikuwa ameshastaafu, mwaka 2004.

Hakuna njama iliyomlenga. Shirikisho la kimataifa lilitaka mchezo uonekane kwenye televisheni, na pointi inayokwisha kabla mtazamaji hajageuza shingo haiuziki. Ni kweli. Hata hivyo nasikitika kidogo, maana kile kilichofutwa ndicho kilichomfanya Gatien awe Gatien.

Ndiyo maana ulinganisho wake na kijana Félix Lebrun, uliozuka Agosti 2024, una mitego. Félix Lebrun wa Montpellier, akiwa na miaka 17, alimfunga Hugo Calderano wa Brazil 4-0 mjini Paris na kupata shaba, medali ya kwanza ya Mfaransa kwa mchezaji mmoja mmoja Olimpiki tangu ile fedha ya Barcelona. Siku chache baadaye akiwa na kaka yake Alexis na Simon Gauzy wakaongeza shaba ya timu. Mapema mwaka huo, kule Busan, Ufaransa ilikuwa imefika tena fainali ya dunia ya timu, kwa mara ya kwanza tangu Manchester. Mjomba wa vijana hao ni Legout, yule wa kikosi cha 1997. Gatien mwenyewe aliwahi kuwa mkurugenzi wa michezo katika kamati iliyoandaa Olimpiki hiyo ya Paris.

Je, Félix ameshamfikia? Wakipimwa kwa mataji ya dunia, bado. Wakipimwa kwa ugumu wa enzi, nadhani Félix ana mzigo mzito zaidi, kwa sababu baada ya Werner Schlager wa Austria mwaka 2003 hakuna asiye Mchina aliyetwaa ubingwa wa dunia wa wanaume mmoja mmoja, na dirisha kama lile la Dortmund hadi Tianjin halijafunguka tena. Kinachochekesha ni kwamba Félix hushika raketi kwa mshiko wa kalamu, ule ule ambao Ulaya ya akina Waldner iliuvunja, ila yeye anautumia kwa pande zote mbili za raketi kama Wachina wa leo walivyoufufua. Ulaya kwa mmoja mmoja, kaka yake Alexis ameshaitwaa, mjini Linz mwaka 2024. Taji ambalo Gatien hakulipata limo ndani ya nyumba ya akina Lebrun tayari, na lile alilolipata yeye bado hawana.